Kilio Kilichotiwa Ngoma

Mgongo wa mteja ulikuwa umeshapakwa mafuta ya nazi upande wa kushoto, wa kulia bado, pale Leimasei aliposikia mama yake analia. Mama yake alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja nyuma. Lakini sauti ilikuwa ileile, yenye mikwaruzo ileile, na ilikuwa inatoka kwenye spika ndogo iliyofichwa nyuma ya chungu cha maua. Ililia mstari mmoja: "Nani atagongelea mabati upande wa magharibi, Kaltapau?" Chini yake ngoma ikapiga taratibu, dum, dum, kama inapigwa na mtu aliyeshiba, kisha saksafoni ikajipitisha katikati, ikijikunja na kujikunjua bila haya. Halafu mama akaanza tena mstari uleule.

Leimasei akafanya ambalo mtu yeyote wa kwao, kisiwani Matapoe, angelifanya. Kwao kilio kikiimbwa maana yake kuna maiti ndani ya nyumba, na anayekisikia hasimami. Anakaa chini palepale alipo, anaitikia. Basi alikaa kwenye vigae, mafuta yakimchuruzika mikononi, akafungua kinywa akaomboleza. Tena si ile kwikwi ya kujifuta na leso; aliomboleza kwa kifua kizima, mpaka vichupa vikatetemeka rafuni. Mteja, mama mmoja wa Melbourne aliyekuja kujipumzisha, aliruka kitandani na taulo likimfunika nusu, akakimbia mpaka mapokezi kusema mkandaji wake amepatwa na kifafa.

Edna, msimamizi wa wakandaji, alifika anahema. Edna ni mtu wa kisiwa cha Malekula, ana mdomo, na watu wa visiwa vingine huwa hawampi nafasi ya kuanza.

"We Leimasei! Una nini? Nani kafa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada."

"Mbona mama analia?"

Edna akatega sikio. Akatazama chungu cha maua, akamtazama Leimasei. "Mama gani? Hiyo ni sidii mpya ya hoteli. Imekuja na ndege ya Jumanne."

Leimasei aliona giza. Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye aproni, akauliza mashine ya muziki iko wapi.

Sasa, kabla hamjamwona mkali bure, mjue kilio kile kilitoka wapi. Leimasei alikuwa na kaka mmoja tu, Kaltapau, fundi wa kanisa. Mwaka wa kwanza baada ya uhuru, msimu wa vimbunga ukikaribia, Kaltapau alipanda kugongelea mabati ya paa la kanisa. Upande wa mashariki alimaliza. Upande wa magharibi ubao ulivunjika, akaanguka juu ya ukuta wa matumbawe, na jioni hakuwepo tena. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtoto wa kike wa miezi mitano.

Mama yao, Leiwotu, alikuwa mliaji. Kwao mliaji hakariri. Kila maiti hutungiwa kilio chake, kikiwa na jina lake na mambo yake, na kilio hicho huwa mali ya wanawake wa ukoo ule. Kikishaanzwa lazima kimalizwe, kwa sababu mwanzo humwita aliyekufa na mwisho humruhusu aende. Katikati hapaachwi. Leiwotu alimlilia mwanawe siku tano mpaka koo likatoa damu. Alimuuliza habari za nyundo aliyoiacha ukutani, habari za mtoto ambaye hajajua kukaa, habari za mabati ya magharibi. Siku ya mia moja wanaume waliponyoa ndevu na laplap ya mwisho, chakula cha matanga, ikatolewa kwenye mawe ya moto, aliimba mwisho wake, akanyamaza. Hakukirudia tena mpaka anaingia kaburini.

Lakini siku zile alikuwepo mgeni kwa mchungaji, kijana mrefu mwenye mashine ya utepe ya kunasa sauti begani. Alikaa chini ya dirisha la msiba. Leiwotu aliulizwa kama anakubali, akasema anakubali kwa jambo moja tu, utepe urudi, ili yule mtoto akikua amsikie bibi yake akimtaja baba yake. Mgeni akasema ndiyo, akaapa, akala viazi vikuu vya watu, akapanda meli. Miaka kumi na zaidi, kila meli ikitia nanga, Leiwotu alikuwa akimtuma mtu: "Kaulize, utepe umefika?" Haukufika. Mtoto amekua, ameolewa, hajausikia. Amekuja kuusikia mama wa Melbourne, akiwa amelala kifudifudi.

Mwambie mtu hivyo halafu umwambie asikasirike.

Jioni ileile Leimasei hakwenda nyumbani. Alisimama nyuma ya baa ya ufukweni, mahali wageni wanapolala kwenye mito myeupe kungoja jua lizame. Ilikuwa desturi ya hoteli: saa kumi na moja na nusu Willie wa baa anabonyeza mashine, na zile sidii za utulivu zinaanza. Zilikuwa nyingi, kila mwezi inaongezeka moja, na zote ndugu mmoja. Kinanda cha Kihindi humu, filimbi ya milima ya Amerika mle, Mwarabu anaita swala na hapohapo anakatwa, chini yake ngoma ileile iliyoshiba. Wameokota watu wa dunia nzima wakawatia kwenye chungu kimoja, wakakoroga, wakaweka sukari. Na sauti ya mawimbi wameirekodi pia, wakati bahari yenyewe iko hatua ishirini! Bahari ya Mungu imezimwa ili ipigwe bahari ya kwenye mashine. Jamani.

Wimbo wa saba ulipoingia, mama akaanza kulia tena. "Nani atagongelea mabati upande wa magharibi, Kaltapau?" Mara ya pili. Mara ya tisa. Hapakuwa na nyundo, wala mtoto, wala mwisho. Walimkata mama mstari mmoja wa mwanzo wakaufunga kitanzi, ukazunguka, ukafifia, pakaja wimbo mwingine. Leimasei alikuwa amekaa chini mchangani, maana kusimama hakuweza. Msichana mmoja mwenye nywele nyekundu alikuwa amefumba macho anatikisa kichwa, na mwenziwe akanyanyua glasi yenye kipande cha nanasi akasema hapo hasa ndipo anapojisikia ametulia. Kaltapau anaitwa kila jioni toka huko aliko, anafika mlangoni, haambiwi aende zake. Hilo ndilo lililomkereketa Leimasei kuliko hata wizi.

Asubuhi akamwendea meneja. Bwana Lachlan alikuwa mtu wa Queensland, mpole, anayekumbuka siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote. Na mpole wa namna hiyo anaweza kukuudhi kuliko mkali.

"Leimasei! Unajisikiaje leo? Nimeambiwa jana ulipatwa na..."

"Sikupatwa na kitu, bosi. Kwenye sidii mpya kuna mama yangu. Naomba uzime."

Bwana Lachlan alicheka kidogo, kwa wema. Akalitoa boksi la sidii kwenye droo. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mweupe aliyekunja miguu ufukweni, amefumba macho. Akafungua kijitabu, akasoma, akatabasamu.

"Ona, hapa. Wimbo wa saba. Inasema ni wimbo wa kale wa kubembeleza watoto."

"Ni kilio cha msiba."

"Kijitabu kinasema..."

"Kijitabu kimezaliwa Matapoe?"

Alisoma tena, akakuna shingo. "Hakuna jina la mwimbaji, lakini. Wameandika: sauti za jadi za Pasifiki. Jadi, unaelewa, ni kama... ni ya wote. Haina mwenyewe."

Haina mwenyewe! Mwanamke ametapika damu siku tano, ametunga neno kwa neno, mpaka leo ukoo mzima unajua nani ana haki ya kukitaja, halafu mtu aliyekaa ofisini huko Ulaya anaandika mistari miwili kwamba kilio hakina mwenyewe. Na aliyepiga saksafoni jina lake lipo. Aliyetia mawimbi jina lake lipo. Mpaka aliyepiga picha ya yule aliyekunja miguu, lipo. Leimasei alisoma yote kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Bosi, nakuomba mara ya pili. Zima huo wimbo mmoja. Mingine piga mpaka kesho."

"Nitaliangalia," alisema Bwana Lachlan. "Ila nikuambie ukweli, ndio wimbo wageni wanaouulizia zaidi."

Na hakuliangalia. Wiki ikapita, ikapita ya pili, mwezi ukaisha, ukaingia wa tatu. Edna akawa anamkatia zamu zake za jioni ili asiwe karibu, na akawa anamtania ili asipasuke. "Wewe wa visiwa vidogo, una bahati. Sisi Malekula hata mtu wa kutuibia hatujapata." Leimasei hakucheka. Alikonda. Akiwa jikoni kwake, mtaa wa Freswota, anakuna ndizi, ngoma ile ilikuwa inampiga kichwani, dum, dum, anatupa kikunio.

Ijumaa moja alfajiri akachukua panga, akaenda kwenye ua wa nyuma, akakata jani la namele.

Mtu aliyekulia visiwani hapa haelezwi namele. Jani hili lenye meno kama kitana likifungwa kwenye mti, matunda hayachumwi. Likifungwa njiani, njia imekufa. Hakuna askari anayelilinda na hakuna anayelipita. Leimasei alifika kabla ya watu, akalifunga kwenye mashine ya muziki, mafundo mawili, na akaenda kukanda migongo kama kawaida.

Saa kumi na moja na nusu Willie akanyoosha mkono kwenye kitufe. Akaliona jani. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Willie, muziki!" meneja aliita.

"Bosi, kuna jani."

"Litoe."

"Mimi nina watoto, bosi."

Akaitwa fundi wa umeme. Fundi akasimama mbali, akasema mashine haina hitilafu. Akaitwa mfagiaji, mfagiaji akakumbuka amesahau kitu bustanini. Bwana Lachlan akachoka, akakunja mikono ya shati alitoe mwenyewe, na hapo Edna akajitokeza.

"Litoe, bosi. Hatukukatazi. Ila ukilitoa, sisi wa jikoni na vyumbani na wakandaji tunakwenda nyumbani, na nambari ya simu ya kuagiza ndege ilete wengine unayo."

Hivyo pakawa kimya. Jua likazama lenyewe. Mzee mmoja wa Auckland, aliyekuwa na siku sita hotelini, akauliza ile sauti inayovuma ni nini, akaambiwa ni bahari. Akasema ni nzuri.

Siku tatu Leimasei alilala usingizi wa mtoto. Siku ya nne, Jumatatu, akaja mjumbe wa chifu Timarua, chifu wa watu wa Matapoe waliohamia mjini. Mjumbe hakukaa. Alisema akiwa mlangoni: "Chifu anauliza, jani umepewa na nani?"

Leimasei akainamisha macho. Maana alijua; kila mtu anajua. Namele ni mdomo wa chifu. Mwanamke wa mtaani hajifungii namele kwa hasira zake, hata akiwa na haki mpaka utosini, kwani kila mwenye kinyongo angefunga, visima na njia zote vingezibwa. Kwa kweli hakuwa hata amewaza. Hasira ilikata jani, hasira ikalifunga, akili ilikuwa imelala.

"Sijapewa," alisema.

"Basi ni nguruwe mmoja na mikeka miwili. Na kwa kuwa kosa limefanyika hotelini, chifu atalisikiliza hukohuko, Jumamosi asubuhi."

Mjumbe alipoondoka ndipo akalipuka. "Mimi! Mimi ndiye wa kulipa! Waliomuiba mama wamekaa Ulaya wanakunywa kahawa, aliyempiga kwenye spika ana kiyoyozi, nguruwe atoke kwangu?" Alikuwa anaongea na nguruwe mwenyewe, dume jeusi alilolilea kwa maganda ya papai, na nguruwe hakuwa na la kusema. Majirani walisikia mpaka barabarani. Hata hivyo Ijumaa alisuka mkia wa mkeka wa pili uliokuwa haujaisha. Kosa lilikuwa kosa, na mtu anayedai watu walipe desturi hawezi yeye kuikwepa.

Jumamosi nguruwe aliingia hotelini akiwa amefungwa kwenye mti, mabegani mwa wanaume wawili, anapiga kelele kupita mapokezi, kupita bwawa, mpaka kwenye mito myeupe. Wageni wakakimbilia kamera. Bwana Lachlan, ambaye hakuwa ameelezwa vizuri, alidhani ni sherehe ya kumaliza mambo na kwamba nguruwe ni wake. Alikuwa amepiga pasi shati lake, na yeye pia alikuja na zawadi: kifurushi cha karatasi ya kung'aa, akakiweka juu ya mkeka uliotandikwa mbele ya Leimasei.

"Kwa familia," alisema, mkono kifuani.

Leimasei alifungua. Zilikuwa sidii tano. Yule mwanamke aliyekunja miguu, mara tano.

Wazee waliokuja na chifu waliona mishipa ya shingo ya Leimasei inavyosimama. Lakini alijikaza. Alizisogeza pembeni kwa ubavu wa kiganja kama mtu anayesogeza maganda, akainuka, akampa chifu kamba ya nguruwe na akaweka mikeka miwili. "Nimefunga jani lisilo langu," alisema. "Nimekosa. Hiki hapa." Chifu Timarua, mzee mfupi aliyekuwa dereva wa bandari, alipokea kamba. Akaenda kwenye mashine, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akalitupa jani mchangani.

Bwana Lachlan akashusha pumzi. Akanyoosha mkono ampe chifu, amshukuru.

"Kaa chini, bwana," alisema chifu. "Mama huyu amemaliza lake. Lako ndiyo kwanza tunaanza."

Akaingiza mkono kwenye kikapu cha mjumbe wake akatoa jani jingine, bichi, la kwake. Akalifunga palepale, taratibu, mafundo matatu. Willie nyuma ya baa alitazama juu, akizuia kicheko.

Meneja alikaa kwenye mto. "Hili... litakaa mpaka lini?"

Chifu akamgeukia Leimasei. "Kilio ni chenu. Sema wewe."

Alikuwa amelala na maneno mengi. Alitaka kusema mpaka yule mrefu arudishe utepe, mpaka wa saksafoni waje wakae kwenye mkeka huu. Lakini alimtazama yule mtu mpole aliyepiga pasi shati, ambaye kila jioni kwa muda wa miezi mitatu alikuwa amesimama hapo na glasi mkononi akisikiliza, na hasira ikapata mahali pa kukaa.

"Mpaka huyu bwana aniambie, bila kuuliza mtu, mama yangu alikuwa anamlilia nani."

Bwana Lachlan akatazama sidii pale mkekani, kana kwamba kijitabu kingemwambia.   Shingo ikawa nyekundu. Jina alikuwa amelisikia mara tisa kila jioni. Hesabu mwenyewe siku za miezi mitatu. Mwishowe akainama kwa Edna, akanong'ona kitu.

Edna hakunong'ona. "Mimi usiniulize, bosi. Alikuwa anatajwa ukiwa umesimama hapo hapo."

Chifu akaagiza nguruwe anyanyuliwe. Leimasei aliokota kikapu chake, sidii akaziacha juu ya mkeka, akaenda kuvaa sare. Saa nne kulikuwa na mteja.